Choo Kilichotengenezwa kwa Kipanya

Nchi ya Maridadi ipo, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake nayo ilitengenezwa na wizara. Ni nchi safi sana. Barabara zake hazina mashimo, hospitali zake zina vitanda, mito yake yote ina madaraja, na anayebisha huonyeshwa picha. Wamaridadi wana desturi moja waliyorithishwa na wakubwa wao: jambo halijatokea mpaka litokee kwenye ukurasa, likiwa na picha, kichwa cha habari na muhuri wa Wizara ya Mambo Yanayoonekana. Mtu anaweza kufiwa, akazika, akamaliza matanga, na bado jirani akamwuliza, "Umechapishwa?" Kama hajachapishwa, hapewi hata pole.

Katika nchi hiyo alikuwapo Mwalimu Tausi Ngwali wa Shule ya Msingi Vumilia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kali, pua nyepesi ya kunusa uvundo, na mdomo usiojua kunyamaza pua ikishanusa. Mungu alimpa vyote hivyo, halafu akamleta duniani Maridadi. Makubwa hayo!

Mwaka ule serikali iligawa kompyuta mashuleni, zikiwa na programu ya kusanifu kurasa. Vumilia madawati hayakutosha, chaki walikuwa wakivunjiana vipande, lakini kompyuta zikaja na zikapangwa juu ya maboksi yake yenyewe, watoto wakipiga magoti mbele yake. Mwalimu Tausi hakununa. Alikaa na ile programu mpaka ikamwelewa, kisha akaingia darasa la saba.

"Ukurasa ni sinia la watu wengi," aliwaambia. "Kila habari ina fremu yake. Picha isile maneno, maneno yasipande juu ya picha. Na kichwa cha habari kiseme kilichomo ndani, kisiseme kingine. Mmenisikia?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Na kweli walisikia. Haikuchukua muda watoto wakawa wanagombana kwa safu na fonti kama walivyokuwa wakigombana kwa gololi. "Mwalimu, mwone huyu! Kaweka herufi za harusi kwenye habari ya msiba!" Mwalimu Tausi alicheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kucheka katika hadithi hii, kwa hiyo aliyetaka kucheka naye acheke sasa.

Gazeti lao la kwanza lilikuwa na habari moja kubwa. Aliiandika Mbonea, binti mwembamba wa darasa la saba asiyeogopa mtu wala mjusi, na picha alipiga mwenyewe. Ilikuwa picha ya choo cha wasichana. Jamani, choo kile! Sakafu ilipasuka kutoka mlangoni hadi tunduni, ufa unaoingiza kiganja cha mtu mzima. Chini ya ufa shimo lilijaa na kuchemka, funza wakipanda na kushuka kana kwamba wana sherehe. Mtoto akisimama juu yake, sakafu inanesa. Mbonea akaandika kwa herufi nene: CHOO CHETU KINATAKA KUTUMEZA.

Mwalimu Tausi aliutazama ukurasa ule, moyo ukamtulia. "Safi sana, mwanangu. Huu ukichapishwa, watakuja kujenga."

Maskini, alikuwa bado anawaamini. Ila hakuwa mjinga. Aliufunga mlango wa choo kwa waya, akaenda ng'ambo ya barabara kwa Mama Debora, muuza uji, akamwangukia awaruhusu wasichana watumie choo chake. Mama Debora alilalamika sana, kisha akatoa ufunguo.

*

Ukurasa wowote Maridadi sharti upite kwa mtu wa wizara. Basi akaja Bwana Chapwa, Afisa Mwandamizi wa Afya ya Kurasa, na gari lenye kiyoyozi, na sambusa kwenye mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, akaitazama ile picha ya funza huku anatafuna. Nyama ya sambusa ilimdondoka kidevuni, akairudisha mdomoni kwa kidole.

"Mwalimu," alisema, "ukurasa huu unaumwa."

"Kinachoumwa ni choo, Bwana Chapwa."

"Choo sikioni. Mimi ninachokiona ni ukurasa."

"Basi twende nje ukakione. Hapo tu, nyuma ya darasa."

"Nje si sehemu ya kazi yangu," alijibu, tena kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. Akakishika kipanya cha kompyuta kwa vidole vile vile vya sambusa. Akafungua picha ya benki moja ya mjini, akanyofoa kipande cha sakafu ya marumaru, akakibandika juu ya ufa. Funza wakatoweka. Akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, akaona bado pamepwaya, akaongeza chungu cha maua. Halafu, na hapa Mwalimu Tausi alidhani macho yanamdanganya, Bwana Chapwa alisogeza pua kwenye skrini akavuta pumzi ndefu.

"Mnaona? Hakinuki."

Watoto walitazamana. Mwalimu Mkuu, Bwana Kingole, mzee aliyekuwa karibu kustaafu na aliyeogopa hata kivuli cha gari la serikali, akapiga makofi peke yake. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Wizara imeziba ufa. Ahsante sana, mkuu. Ahsante sana."

Kichwa cha habari kikabadilishwa kikawa CHOO CHETU KINATUFARIJI, muhuri ukapigwa, na Bwana Chapwa akapiga simu wizarani kutoa taarifa kwamba choo cha wasichana Vumilia kimetengenezwa. Hakudanganya, kwa sheria za Maridadi. Mwalimu Tausi alikiangalia kipanya kinachong'aa mafuta, akakifuta kwa kitenge chake.

*

Taarifa ile ilimfikia Waziri, Mheshimiwa Ngebe, ikamkuta na kiu ya kuonekana. Jioni hiyo hiyo redio zote zilimbeba.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi tumedanganywa kwamba ujenzi unahitaji saruji. Saruji! Saruji ni mawazo ya kizamani. Saruji ni vumbi la wakoloni! Vijana wetu wa darasa la saba wamethibitisha kwamba taifa linaweza kujengwa mtu amekaa. Kuanzia leo, kila shule itapewa sehemu yake ya nchi kuikarabati."

Ebo! Siku chache tu, Vumilia ikaletewa picha kwa magunia. Daraja lililokatika likaunganishwa kabla ya mapumziko. Barabara ya wilaya ikafukiwa mashimo kwa lami iliyonyofolewa kwenye picha ya nchi jirani. Hospitali ikapata vitanda kwa kunakili kitanda kimoja mpaka wodi ikajaa, na wagonjwa waliokuwa wamelala chini wakakatazwa kusema wako chini. Hesabu zikaachwa, sayansi ikaachwa. Dereva mmoja wa lori alitumbukia mtoni, akatoka amevunjika mkono, akaenda wizarani kulalamika. Wakamwonyesha ukurasa wenye daraja, kisha wakamshitaki kwa kuanguka kutoka kwenye daraja zima bila sababu za msingi.

"Mwalimu," Mbonea aliuliza siku moja, kipanya mkononi, "ulisema kichwa cha habari kiseme kilichomo ndani. Hii ya daraja, ndani kuna nini?"

"Ndani kuna maji, mwanangu."

"Sasa tunaendelea?"

Mwalimu Tausi alitoka nje, akasimama nyuma ya darasa, akatema mate. Alichukia wizara, alichukia marumaru, na zaidi ya yote alichukia namna watoto wake walivyokuwa wepesi wa kazi ile. Ule ustadi aliwapa yeye. Kitu kimoja kilimpa nguvu: waya bado ulikuwa mlangoni, na wasichana bado walikwenda kwa Mama Debora.

Bwana Kingole alimfuata pale pale. "Tausi, fungua choo. Kimeshatengenezwa. Kukifunga ni kuipinga serikali, na mimi nataka nistaafu kwa amani."

"Umekiingia wewe, Mwalimu Mkuu?"

"Mimi mwanamume, choo cha wasichana nitaingiaje?"

"Basi wanaokiingia ni watoto wa wenyewe. Sifungui."

"Watakufukuza kazi."

"Wanifukuze. Nitauza uji na Mama Debora."

Ila hakulala vizuri baada ya hapo, maana alijua wakimfukuza yeye, waya utakatwa na mtu asiyemjua mtoto hata mmoja kwa jina.

*

Mheshimiwa Ngebe alikuja kukizindua choo kwa msafara uliotimua vumbi mpaka kwenye uji wa Mama Debora. Hema lilifungwa, utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa. Mheshimiwa alikifananisha choo na uhuru, akakifananisha na mama, akakifananisha na macho ya taifa. Watoto walisimama juani wakiwa wamebana miguu.

Halafu mshereheshaji akatangaza: "Sasa tunamkaribisha mgeni rasmi aingie ndani!"

Waya ukakatwa. Mlango ukafunguliwa, na uvundo ukatoka kumlaki mgeni rasmi kwa heshima zote. Mheshimiwa alichungulia. Hapakuwa na marumaru. Hapakuwa na maua. Palikuwa na ule ufa, umepanuka, na nzi wa kijani wakubwa kama harage. Aliweka ncha ya kiatu sakafuni, sakafu ikalia kwa chini, naye akarudi nyuma upesi akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Itifaki," alisema, "inataka mtaalamu atangulie. Bwana Chapwa?"

"Mimi?" Bwana Chapwa alitokwa na jasho. "Mheshimiwa, mimi nilitengeneza picha tu!"

"Basi mwenye shule."

Bwana Kingole aligundua ghafla kwamba goti linamuuma.

Mwalimu Tausi alisogea mbele. "Mheshimiwa, kama ninyi watu wazima mnaogopa kuingia, watoto tuwaambieje?"

Mheshimiwa Ngebe alimtazama Mwalimu Tausi kama mtu anayetazama uchafu kwenye soli. Kisha uso ukamchangamka.

"Kwani lazima niingie kwa miguu?" aliuliza.

Basi wakaenda darasani. Mheshimiwa alipigwa picha mbele ya ubao, mkono mmoja kiunoni, na Mbonea akaamriwa amkate na kumbandika ndani ya choo, penye marumaru. Mbonea alimtazama mwalimu wake. Mwalimu Tausi aligeukia ukutani. Mtoto akafanya kama alivyoamriwa, na kwa bahati mbaya akafanya vizuri mno, mpaka kivuli cha Mheshimiwa kikalala juu ya marumaru kama kimezaliwa hapo. Bwana Chapwa mwenyewe akatunga maneno: MHESHIMIWA NGEBE YUMO CHOONI. AAPA KUTOTOKA MPAKA KILA MWANANCHI ARIDHIKE.

"Pazuri hapo, 'aapa kutotoka'," Mheshimiwa alisifu. "Panaonyesha uzalendo."

Ukurasa ukapigwa muhuri, ukatumwa nchi nzima, naye akaondoka kwenda kula pilau kwenye nyumba ya wageni. Kabla hajapanda gari alitoa agizo: choo kianze kutumika sasa hivi, na yule mwalimu wa domo akalishwe ofisini mpaka barua yake ya kufukuzwa ifike. Askari wawili wakamkalisha.

Kutoka dirisha la ofisi Mwalimu Tausi alimwona Kazija. Kazija alikuwa wa darasa la pili, kasimama juani tangu asubuhi, hakuweza kuvumilia tena. Aliona mlango uko wazi. Nani angemlaumu? Mwalimu Tausi alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, akawasukuma askari, akatoka mbio kitenge kikibaki mlangoni. Alimkuta mtoto anarudi nyuma nyuma, anahema, mguu mmoja umechafuka hadi pajani, ndara moja imekwenda. Alimnyakua kwa gauni akamvuta. Nyuma yao sakafu ikaenda, ukuta ukaifuata, bati likazama mwisho, na lile shimo likarusha uchafu wake hadi kwenye viti vyeupe vya wageni.

Mwalimu Tausi aliketi chini, kamkumbatia mtoto mchafu vile vile, akalia kwa hasira. Alilia mpaka Mama Debora akaja na ndoo ya maji akawaosha wote wawili.

*

Nani aliandika habari za Kazija? Hakuna. Ndara ya mtoto haina itifaki.

Kilichofika makao makuu ni kwamba choo cha Vumilia kimeanguka. Na kila mtu Maridadi alikuwa na ukurasa unaosema Mheshimiwa yumo ndani na ameapa kutotoka. Naibu wake, mtu aliyekingoja kiti kile mpaka suruali yake ikapauka, hakupoteza muda kuuliza. "Yumo ndani. Choo kimeanguka. Jumlisheni wenyewe," alisema, akaapishwa kabla ya chai.

Mheshimiwa Ngebe alisikia tanzia yake redioni, paja la kuku mkononi. Alicheka. Akaenda ofisini kwake anacheka, na mlinzi aliyemfungulia geti miaka yote akamzuia kwa adabu.

"Samahani, mzee. Marehemu hawaruhusiwi."

"Wewe! Hunijui mimi?"

"Nakujua, mzee. Ndiyo maana nakupa pole."

Ukutani palikuwa na ukurasa wa maombolezo, kazi ya Bwana Chapwa, wenye fremu nyeusi ya kupendeza. Mheshimiwa alimpigia simu. Bwana Chapwa aliitambua sauti, akalia kwa uchungu wa kiserikali, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, kisha akakata. Nyumbani kwake kulikuwa na turubai na wageni wanakula, na shemeji zake wakamwomba asiwaharibie.

Ndipo akarudi Vumilia kwa miguu, suti imejaa vumbi. Alimkuta Mwalimu Tausi uwanjani na wazazi, wakipima mahali pa kuchimba. Barua ya kumfukuza haikufika, kwa kuwa aliyepaswa kuisaini alikuwa amekufa.

"Mwalimu," Mheshimiwa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya redioni, "nisaidie. Watoto wako wanipangie ukurasa mmoja tu. Useme nilitoka. Useme nilitoka salama."

"Kutoka wapi? Hukuingia."

"Najua sikuingia! Wewe ndiye peke yako unayekubali kusema sikuingia. Nihurumie, mama."

Mwalimu Tausi alimtazama kutoka viatuni hadi utosini. Alitaka kumtemea mate. Kwa kweli mate alikuwa nayo tayari. Aliyameza, akachukua sululu mkononi mwa mzazi mmoja, akampa.

"Ukurasa ninao," alisema. "Choo sina."

"Nikichimba, mtaniandika?"

"Tutaandika kilichopo. Chimba."

Akachimba. Alichimba vibaya mwanzoni, sululu ikimrukia miguuni, wazazi wakimpita na makarai bila kumwamkia, maana marehemu haamkiwi. Viganja vikamchubuka, suti ikamwachia mabegani, shimo likaenda chini. Walirundika mlima wa udongo, wakajenga kwa matofali ya kuchoma, wakamwaga sakafu ya saruji, ile ile saruji ya wakoloni. Mwalimu Tausi aliruka juu ya sakafu ile kwa miguu miwili, mbele ya watu wote, mara nyingi. Haikunesa.

Mbonea akapiga picha: choo kipya, na mbele yake Ngebe, tope hadi nyusi, sululu begani. Hakugusa kitu. Akakiweka kichwa cha habari: CHOO KIPO. ALIYEKICHIMBA YU HAI. Ukurasa ukapelekwa kwa Bwana Chapwa, aliyekuwa amepandishwa cheo kwa sababu ya ile fremu nyeusi.

Alikuja mwenyewe kuurudisha, na safari hii alikuwa na maandazi. Aliuweka mezani mwa Mwalimu Tausi, akaugonga kwa kidole chenye mafuta.

"Mwalimu, nimesikitika. Rekodi zinaonyesha choo cha Vumilia kilianguka. Rekodi zinaonyesha Mheshimiwa alifariki humo. Picha hii imechezewa. Tena imechezewa kijinga, mtu hata hajaondoa tope." Akatikisa kichwa. "Wafundishe watoto uaminifu."

Ngebe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kupitia bega la Bwana Chapwa aliona choo alichokichimba na wasichana wamepanga foleni, na Kazija ametoka ndani anajifuta mikono kwenye gauni, hana habari na mtu. Bwana Chapwa alipita ubavuni kwake bila kumwona, akapanda gari, akaenda zake.

"Sasa mimi nifanyeje, Mwalimu?" Ngebe aliuliza.

Mwalimu Tausi alikuwa anakifuta kipanya. Hakuinua macho.

"Bado cha wavulana," alisema.